Zana Bila Maelezo Humpoteza Wakala

Wakala wa akili unde huchagua zana kwa kusoma jina lake, maelezo yake na taarifa inazohitaji. Maelezo yakiwa na utata, hukisia.

Mwaka 2024 wahandisi wa Anthropic walieleza jinsi wakala wao wa kurekebisha programu alivyokosea anwani za mafaili baada ya kuhama folda ya mwanzo. Sababu? Zana ilikubali anwani fupi, zinazotegemea mahali alipo. Wakaweka sharti jipya: anwani kamili tu. Makosa yakakoma. Walitumia muda mwingi zaidi kunoa zana kuliko maagizo ya jumla, na walifanya vyema.

Mwandishi wa programu, katika maelezo ya zana usiandike “tarehe” pekee. Andika “tarehe ya kuondoka, mfano 2025-03-14”, na useme zana isitumike lini.