Ukikamatwa ng'ambo ya mpaka, hesabu saa

Mfanyabiashara wa nyanya anayekamatwa Namanga Ijumaa jioni ana hasara mbili: yeye yuko mahabusu, na mzigo wake unaoza ndani ya lori. Sheria za nchi jirani zinaweka kikomo cha kumshikilia mtu kabla ya kumfikisha mahakamani, lakini vikomo hivyo havifanani.

Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inatoa saa 24. Zikimalizika nje ya saa za mahakama, mtuhumiwa hufikishwa siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana aliyeshikwa Ijumaa jioni anaweza kusubiri hadi Jumatatu bila Katiba kuvunjwa. Hata hivyo, kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimpeleki mtu rumande.

Uganda, Ibara ya 23 inatoa saa 48. Ndugu wa aliyekamatwa ana haki ya kuarifiwa, na dhamana ya polisi haitozwi pesa. Kesi isipoanza kusikilizwa, mshtakiwa huachiwa kwa dhamana baada ya siku 60, au, kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu pekee, baada ya siku 180 ikiwa kesi haijapelekwa katika mahakama hiyo.

Tanzania, polisi wana saa 24. Wakishindwa kumfikisha mtu mahakamani, wanapaswa kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Mkuu wa mkoa au wa wilaya naye anaweza kuagiza mtu akamatwe, chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Lakini lazima aandike sababu, na saa 48 zikipita bila hakimu kumwona aliyekamatwa, huyo anaachiwa na hakamatwi tena chini ya sheria hiyo kwa sababu zilezile.

Je, vikomo hivyo vikipuuzwa? Wakili au ndugu anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru mahabusu aletwe mbele yake na wanaomshikilia waeleze sababu. Katiba za Kenya na Uganda zinakataza haki hiyo kuondolewa.

Juu ya hapo ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Katika kesi ya Plaxeda Rugumba dhidi ya Rwanda, ndugu wa ofisa wa jeshi aliyeshikiliwa kwa miezi bila kufikishwa mahakamani alishinda Desemba 2011. Majaji walisema kumshikilia mtu hivyo kunavunja misingi ya utawala wa sheria iliyomo katika Mkataba wa Jumuiya. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri la aina hiyo, ila ndani ya miezi 2 tangu tukio litokee au alifahamu.

Kwa mgeni kuna kinga moja zaidi. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu ubalozi mdogo unawataka polisi wamweleze kuwa ana haki ya ubalozi wake kuarifiwa. Aitaje haki hiyo mapema, kwani mara nyingi dhamana hukwama kwa kukosa mdhamini mwenyeji, na ubalozi unaweza kuwafikia ndugu.

Kabla ya kuvuka, basi, mwachie mtu wa nyumbani nakala ya kitambulisho na karatasi za forodha, pamoja na namba ya ubalozi. Ukikamatwa, uliza kosa ni lipi, na hakikisha saa uliyokamatwa imeandikwa kitabuni. Bila saa hiyo, ni vigumu kuthibitisha kwamba muda umepita.