Mpira wa hewa: unaolia na ulio kimya

Hiace ya dizeli ikitoka Nyamisati na maboksi ya kamba, dereva ana haraka, maana barafu haimsubiri mtu. Akikanyaga mafuta kwenye mchanga, gari halivuti, nyuma unatoka moshi mweusi, na chini ya kiti kunalia mluzi. Abiria watasema tabo imekufa. Mara nyingi tabo ni nzima. Mpira wa hewa ndio uliolegea au kuchomoka kwenye bomba lake.

Tabo huvuta hewa upande mmoja, kutoka kwenye chujio, na kuisukuma upande wa pili, kupitia intakula mpaka kwenye injini. Mpira wa upande wa kusukuma ukilegea, hewa yenye presha inatorokea nje, dizeli inakosa hewa ya kuungulia, ndiyo huo moshi. Injini za kisasa huhisi presha imeshuka, zikapunguza mafuta na kuwasha taa ya cheki injini. Utatambaa hadi Bungu kwenye lami, barafu ikiyeyuka, lakini injini itapona.

Mimi naogopa zaidi upande wa kuvuta. Huko hakuna kelele ya kukushtua, na gari linaweza kwenda kama kawaida. Ila hewa inapenya kwenye upenyo bila kupita kwenye chujio, na hewa ya njia ile wakati wa kiangazi ni vumbi tupu. Mapanga ya tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Chembe za mchanga zinayala taratibu, kisha zinaingia kwenye silinda kusaga ringi. Baadaye injini inakula oili na asubuhi inawaka kwa tabu, lawama anabebeshwa muuza oili.

Kupima ni rahisi. Zima injini, fungua mpira unaotoka kwenye chujio, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi kavu, kuna upenyo, au chujio halijakaa sawa. Kikitoka na utando mwembamba wa oili usihangaike. Ni mvuke wa injini unaorudishwa humo.

Kwenye kufunga, subiri injini ipoe, kisha inua kiti cha mbele, maana kwenye Hiace nyingi injini iko chini yake. Futa oili kwenye mpira na kwenye bomba kwa tambara lenye petroli kidogo, uache pakauke kabisa. Mpira wenye oili utateleza tu hata ukaze vipi. Uingize mpaka uvuke ule ukingo ulioinuka mwishoni mwa bomba, klipu ikae nyuma ya ukingo, si juu yake. Kaza kwa bisibisi au spana, usipitilize ukaukata mpira. Minya pia sehemu za chini ambazo jicho halifiki, ndiko nyufa hujificha.

Mpira ukichomoka tena na tena, angalia maunti za injini. Zikichoka, injini inacheza peke yake na kuuvuta mpira kila shimo. Fundi anayekaza klipu kila wiki bila kuzitazama anakula hela yako.

Porini, utepe wa tyubu ukiuzungushia kwa nguvu unaziba ufa wa upande wa kuvuta mpaka Kibiti. Upande wa kusukuma presha itaufumua. Waya wa kufungia unakata mpira. Gundi ya gasketi siitaki kabisa karibu na tabo: ikikauka inameguka, na kipande kinafyonzwa ndani.

Halafu kuna maji. Mdomo wa hewa huwekwa juu makusudi. Mpira ukiachia chini yake, injini inaanza kuvutia hapo. Katika mafuriko kama ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti, hapo ndipo maji huingilia, na maji hayabanwi kama hewa: koni rodi ndiyo inayopinda. Gari likizimika majini, usipige stata. Livuteni nje, fungueni mpira, mwangalie kama ndani ni kukavu.