Jeni Nzima Zilizonyamazishwa

Tezi ya pituitari, iliyojificha chini ya ubongo, haizidi sana punje ya njegere, lakini tezi kadhaa za mwili husubiri amri yake. Uvimbe unaoota humo kwa kawaida si saratani. Hata hivyo, ukimwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, mtoto hurefuka kupindukia, na mtu mzima hupanuka taya, mikono na miguu. Watafiti walianza kusaka chanzo katika jeni zilizoharibika, na hawakukosea. Mwaka 1989 walipata kasoro katika jeni ya GNAS, ambayo leo huhusishwa na hadi asilimia 40 ya uvimbe wa homoni hiyo. Mwaka 2011 meno ya Charles Byrne, jitu la Ireland lililofariki London mwaka 1783, yalionyesha kasoro ya kurithi katika jeni ya AIP.

Msako huo lakini hukwama mbele ya uvimbe usiotoa homoni ya kuleta dalili, ule ambao mara nyingi hujulikana pale tu unapobana neva za macho na uoni kuanza kufifia. DNA yake ikisomwa, ni nadra kukuta kasoro moja inayojirudia kwa wagonjwa wengi. Ndiyo maana kuuliza jeni ipi imeharibika hakutoshi. Tuulize pia ipi inafanya kazi na ipi imenyamaza. Seli ya ini na ya ubongo zina jeni zilezile, ila hazitumii zilezile. Jeni inayotumika hunakiliwa kuwa RNA, na nakala hizo hupimika. Hivyo ndivyo watafiti wa Boston walivyoonyesha mwaka 2003 kuwa jeni ya MEG3, inayofanya kazi katika pituitari yenye afya, imezimika katika uvimbe huo usiotoa homoni. Baadaye ilionekana kuwa sehemu inayoiwasha imesheheni alama za kikemikali zinazoifunga, ingawa jeni yenyewe ni nzima.

Mwenye shaka atasema kunyamaza huko huenda ni matokeo ya uvimbe, si chanzo chake. Hoja hii ina uzito, tena kuna nyingine nzito zaidi: tezi yenye afya ni mchanganyiko wa aina kadhaa za seli, ilhali uvimbe hutawaliwa na aina moja, kwa hiyo huenda tofauti nyingi zinazopimwa hazihusiani na ugonjwa hata kidogo. Pingamizi la pili linajibiwa kwa kupima RNA ya seli mojamoja. La kwanza linahitaji jaribio: MEG3 iliporudishwa kwenye seli za saratani zilizokuzwa maabara, ukuaji wake ulipungua. Orodha ndefu za jeni zisizopitia jaribio la namna hiyo, nami naona ni nyingi mno, ni fununu tu.

Mgonjwa naye hahitaji kusubiri mjadala huo uishe. Kiwango cha kazi ya jeni tayari kina faida kwake: uvimbe wa homoni ya ukuaji ambao jeni yake ya SSTR2 huzalisha vipokezi vingi huelekea kuitikia vizuri dawa ya oktreotidi, na wingi wa vipokezi hivyo hupimwa kwenye kipande kilichotolewa wakati wa upasuaji.