Ngũgĩ na Wavuja Jasho (Sehemu ya Pili): Riwaya ya Kamiti na Ploti za Ruiru

Mkazi wa Kahawa Sukari akivuka barabara kuu ya Thika, akashika njia ya kupitia Kahawa West, haendi mbali kabla ya kuliona gereza la Kamiti. Humo ndani, mwaka 1978, Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za msalani. Kisa cha karatasi hizo kimesimuliwa mpaka kimeifunika riwaya yenyewe. Alipofariki huko Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na miaka 87, kilirudiwa tena kila mahali. Waliosoma kilichoandikwa juu ya karatasi zile ni wachache, na hicho ndicho ninachotaka tukizungumzie leo.

Juma lililopita tulimwacha Ngotho wa Weep Not, Child, riwaya ya Ngũgĩ, akimfanyia Bwana Howlands kazi katika ardhi iliyokuwa ya babu zake mwenyewe. Ngũgĩ hakulitoa jambo hilo vitabuni. Babake alikuwa muhoi, mtu anayeishi na kulima kwa hisani ya mwenye ardhi. Swali la nani ana shamba na nani analima limo katika kila alichoandika.

Ila huwezi kufika Kamiti bila kupitia Kamĩrĩĩthũ, kijijini kwao Limuru. Mwaka 1977, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, inayojulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Mhusika wake Kĩgũũnda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu tu, na hati ya ardhi hiyo ameitundika ukutani kama picha ya mtakatifu. Tajiri Ahab Kĩoi anamshawishi afunge ndoa ya kanisani. Gharama za harusi zinazaa mkopo, na mkopo unaila hati.

Wanakijiji hawakuigiza tu maneno waliyopewa. Mswada ulisomwa mbele yao nao wakausahihisha, kila mmoja kwa analolijua. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Limuru walipiga hesabu: viatu wanavyotengeneza kwa siku moja vina thamani ya kulipa mishahara ya mwezi mzima ya wafanyakazi wote. Sasa zile siku nyingine zote walikuwa wakimtumikia nani? Hesabu ya namna hiyo mwandishi peke yake mezani haipati. Inatoka kwa mtu anayejua jozi ngapi zimepita mkononi mwake tangu king'ora cha asubuhi.

Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977. Novemba 16 kibali kilifutwa. Siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, akatoka Desemba 1978.

Kamiti ilimtenga na wasahihishaji wake, na pengo hilo linaonekana. Riwaya inaanza vizuri mno. Warĩĩnga, karani, amefutwa kazi kwa kumkatalia bosi wake tamaa zake. Kisha mwenye nyumba anamtoa nje. Anapanda matatu ya Mwaũra kutoka Nairobi kwenda Ilmorog. Humo yumo Wangarĩ, mama wa shamba. Benki imepiga mnada kipande chake cha ardhi kwa sababu ya mkopo wa ng'ombe wa gredi, na mfukoni hana hata nauli. Dereva anataka kumshusha usiku njiani. Abiria wanachanga wamlipie. Sijui ukurasa mwingine wa fasihi ya Kenya unaoionyesha hali ya mnyonge kwa uchache wa maneno kama huo. Anayepanda magari ya Thika Road kila siku hahitaji kuelezwa.

Wakishafika Ilmorog, walalahoi wanawekwa kando na wezi wanashika usukani. Wamekusanyika pangoni kushindania nani mwizi bingwa, na kila mmoja anasimama kujisifu. Gĩtutu wa Gataangũrũ anaeleza alivyotajirika: anakopa benki, ananunua shamba kubwa, analikatakata na kuwauzia maskini vipande kwa bei ya kuwakamua. Kisha anaota zaidi: siku moja udongo uuzwe kwa sahani na hewa iuzwe mikebeni.

Hapo ndipo mtu wa Ruiru anapocheka kwa uchungu. Eneo hili lilikuwa mibuni mitupu, na mchumaji alilipwa kwa debe. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapa kilitoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985. Leo mbuni huo umesambaa kwingine, na hapa mashamba mengi yamegeuka ploti za hamsini kwa mia. Tatu City nayo inajengwa juu ya ekari 5,000 za iliyokuwa kahawa. Kuuza ardhi si dhambi, na wengi wetu tusingekuwa na paa bila ploti hizo. Lakini soma tena hotuba ya Gĩtutu, halafu tazama mabango ya madalali kutoka Githurai hadi Juja.

Kasoro ya riwaya hii ni kwamba wezi wamechangamka kuliko wanyonge. Gĩtutu ana tumbo, ana mzaha, ana lafudhi yake. Mũturi, fundi mjenzi, anaongea kama mtu aliyekariri risala. Ningemtaka Mũturi aniambie saruji inavyochoma vidole, au msimamizi anavyokata saa za mfanyakazi. Nadhani Kamĩrĩĩthũ angepatikana mtu wa kumwambia mwandishi hivyo, ila selo haikuwa na mtu huyo.

Hata hivyo, kitabu kilipotoka mwaka 1980 kiliwafikia wenyewe. Ngũgĩ ameandika kwamba nakala 5,000 za kwanza ziliisha katika mwezi mmoja. Kilisomwa kwa sauti majumbani jioni, viwandani saa ya chakula, na baa, ambako msomaji alinyamaza penye utamu mpaka bilauri yake ijazwe tena.

Anayetaka kukisoma kwa Kiswahili atafute Shetani Msalabani. Kwanza asome safari ya matatu, kisha hotuba ya Gĩtutu; risala za Mũturi zinaweza kungoja. Juma lijalo tutapanda mjengoni Nairobi pamoja na Ben na Ocholla, vibarua wa Meja Mwangi katika Going Down River Road ya 1976, tuone kama yeye alimpa mfanyakazi kile ambacho Ngũgĩ alimnyima Mũturi.