KIFUA CHA MTOTO KINASEMA: SIKILIZA



Ukitaka kujua kama debe lina maji, unafanya nini? Unaligonga. Debe tupu hulia kwa nguvu. Lenye maji hutoa sauti nzito na fupi.

Kifua cha mtu ni hivyo hivyo. Mapafu yenye hewa hulia yakigongwa. Penye maji, sauti hufifia. Daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Huko mapipa ya divai yaligongwa ili kujua yamebaki na kiasi gani.

Mwaka 1816, daktari Mfaransa, René Laennec, alikuwa anampima msichana. Aliona si adabu kuweka sikio juu ya kifua chake. Akakunja karatasi ikawa kama bomba. Upande mmoja akauweka kifuani kwa mgonjwa, upande wa pili sikioni mwake. Akasikia vizuri sana. Hapo ndipo kilipoanzia kile kipimo ambacho mganga wa zahanati huvaa masikioni.

Mganga husikia nini?

Akisikia sauti kama chumvi inayopasuka katika kikaango cha moto, hufikiria nimonia, yaani homa ya mapafu. Akisikia mluzi mgonjwa anapotoa pumzi, hufikiria pumu. Lakini sauti peke yake haitoshi. Ndiyo maana hukuuliza maswali na kupima mambo mengine.

Wewe ufanye nini nyumbani?

Huna kipimo hicho, lakini una macho na masikio. Mtoto akikohoa, ngoja atulie. Asiwe analia wala kunyonya. Funua nguo, tazama tumbo na kifua. Shika saa, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima.

Anapumua haraka mno akifikisha hesabu hii au zaidi:

Chini ya miezi 2: pumzi 60.
Miezi 2 mpaka 11: pumzi 50.
Mwaka 1 mpaka miaka 5: pumzi 40.

Tazama pia chini ya mbavu. Je, panabonyea ndani anapovuta hewa? Sikiliza. Je, anaguna kila anapotoa pumzi? Je, akiwa ametulia, anakoroma au kukwaruza anapovuta hewa?

Ukiona hata dalili moja, mpeleke zahanati leo hii. Usimpake mafuta kifuani ukangoja kesho. Usimpe vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine. Kama hawezi kunyonya wala kunywa, kama amelegea, au midomo imekuwa ya buluu, ondoka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nimonia huua watoto wengi wadogo duniani. Lakini ikiwahiwa, hutibika. Mkulima mwema haachi wadudu wamalize shamba ndipo atafute dawa. Mtoto ni zaidi ya shamba.

Wafundishe majirani kuhesabu pumzi. Baba na mama, wote wajue.