Njia za Baiskeli Kuzunguka Mji wa Pangani: Mambo ya Kuzingatia Lami Inapotukaribia



Mji wa Pangani umekaa penye mlango wa mto, ukingo wa kaskazini, ukitazamana na Bweni ng'ambo ya pili. Mto huu huchukua maji ya Kilimanjaro na Meru, ukayashusha hadi hapa yanapokutana na Bahari ya Hindi. Kwa hali hiyo ya nchi, mtu anayetoka mjini kwa baiskeli ana njia kuu tatu tu: ya kaskazini kuelekea Tanga, ya magharibi kuelekea Muheza, na ya kusini, ambayo huanzia ng'ambo ya mto.

Baiskeli kwetu ni chombo cha kazi. Mchuuzi hubebea samaki alfajiri, mkulima huleta nazi na mihogo sokoni, mwanafunzi huendea shule, na mgonjwa hufikishwa zahanati akiwa amekaa kwenye keria. Makala haya yanaeleza njia hizo tatu, hali ya upepo na maji inayozitawala, na hadhari zinazotakiwa sasa, wakati barabara ya pwani kutoka Tanga kupitia Pangani hadi Bagamoyo, yenye urefu wa kilomita 256, inajengwa kwa kiwango cha lami, pamoja na daraja la Mto Pangani lenye urefu wa mita 525.

Njia ya kaskazini: Pangani hadi Tanga

Njia hii ina urefu wa kilomita 50 hivi. Hupita Boza, kisha Kigombe, na baadaye Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, kabla ya kuingia Tanga. Sehemu kubwa ni tambarare, katikati ya minazi na mashamba ya mkonge. Mwendeshaji wa kawaida asiye na mzigo mzito, akienda kilomita 15 kwa saa, hutumia zaidi ya saa tatu bila kuhesabu mapumziko. Asiyezoea safari ndefu aanze kwa kwenda Boza na kurudi, apime nguvu zake.

Njia ya magharibi: Pangani hadi Muheza

Njia hii hufuatana na ile ya Tanga hadi Boza, kisha huiacha pwani na kuelekea bara. Urefu wake haupungui kilomita 40. Hapa upepo wa bahari hupungua, lakini joto huzidi na miinuko huongezeka. Nyakati za masika, kuanzia Machi hadi Mei, sehemu zisizo na lami huwa na utelezi, na mashimo hufichwa na maji. Dimbwi usilolijua kina chake, shuka uvuke kwa miguu.

Njia ya kusini: Bweni, Mwera na Ushongo

Njia hii huanza kwa kivuko kinachoendeshwa na TEMESA. Ukishashuka Bweni unakutana na mlima. Wengi huusukuma, wala si aibu. Mbele yake ni Mwera, na kutoka njia kuu ipo njia ya kuteremkia ufukwe wa Ushongo. Anayeendelea kusini hufika Kipumbwi na Mkwaja, na mbele zaidi ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Huko kuna wanyama wakali, kwa hiyo mtu asiingie ndani ya hifadhi kwa baiskeli bila kwanza kupata maelekezo ya askari wa hifadhi.

Upepo: kusi na kaskazi

Wavuvi wetu huupangia upepo safari zao; mwendesha baiskeli naye afanye vivyo hivyo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba. Humsukuma anayekwenda Tanga na kumkabili anayerejea. Kaskazi, ambayo huvuma takriban Desemba hadi Machi, hufanya kinyume chake.

Jambo hili lina hesabu yake. Kasi ya hewa inayokupiga usoni ikiongezeka mara mbili, ukinzani wake huongezeka mara nne. Ndiyo maana mtu aliyefika kwa wepesi huku upepo ukiwa mgongoni huweza kuishiwa nguvu nusu ya njia anaporudi. Kwa safari ya kwenda na kurudi siku moja, panga saa zako ili sehemu ya kuukabili upepo uifanye asubuhi, upepo ungali mdogo, au ufupishe safari. Chukua maji ya kunywa ya kutosha, kwani upepo hukausha jasho na kumfanya mtu asitambue kiasi cha maji alichopoteza.

Maji: bamvua na maji mafu

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huwa kubwa kuliko siku za maji mafu. Maji yanapotoka kwa bamvua huungana na mkondo wa mto, na kasi yake huongezeka sana penye mlango.

Kwa mwenye baiskeli, mambo matatu hufuata. Kwanza, maji yakipwa, sehemu ya gati iliyokuwa chini ya maji hubaki na tope na utelezi: shuka, ishike baiskeli kwa mikono miwili na uisukume. Pili, ndani ya kivuko usibaki umeikalia baiskeli, na mzigo wako usizibe njia ya abiria. Tatu, wapo wanaopita ufukweni maji yakiwa yamekupwa ili kukata njia. Wajue saa ya maji kurejea kabla hawajaondoka, na wakifika nyumbani waioshe baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, waikaushe na kuipaka mnyororo mafuta. Chumvi hula mnyororo na spoki polepole, na mwenyewe hutambua siku mnyororo unapokatika njiani.

Lami na mwendo kasi

Lami ni neema. Hupunguza vumbi na mashimo, na safari huwa fupi. Hata hivyo, barabara mbovu ilikuwa na hifadhi moja tusiyoitambua: ililazimisha magari kwenda polepole.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu na likiwa na breki nzuri, huhitaji takriban mita 28 hadi kusimama, tangu dereva anapoona hatari. Kwa kilomita 80 kwa saa, huhitaji takriban mita 57. Mwendo haujafika hata mara mbili, lakini umbali wa kusimama umeongezeka mara mbili. Mtoto aliyezoea kukata kona mbele ya lori lililo mbali hana budi kufundishwa upya, kwa kuwa umbali uliomtosha kwenye changarawe hautamtosha kwenye lami. Somo hili ni la mzazi nyumbani na la mwalimu shuleni, nalo lianze kabla ajali haijatukumbusha.

Madereva nao wakumbuke kwamba ndani ya makazi mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na kwamba mwenye baiskeli ni mtumiaji halali wa barabara.

Wajibu wa mwenye baiskeli

Endesha upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Kabla ya kukata kona, tazama nyuma kisha onyesha ishara kwa mkono. Pima breki zote mbili kila asubuhi. Wachuuzi wa samaki wazingatie zaidi: maji yanayodondoka kwenye tenga na kuloanisha rimu hupunguza nguvu za breki, hivyo weka kinga chini ya tenga. Mzigo ufungwe katikati ya keria, usielemee upande mmoja.

Jua la Pangani huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na giza huja upesi. Gari la kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Mtu asiye na taa, aliyevaa nguo nyeusi, huonekana dereva akiwa hana tena nafasi ya kumkwepa. Taa nyeupe mbele, taa nyekundu au kiakisi mwanga nyuma, na nguo ya rangi nyeupe ni gharama ndogo kuliko mazishi.

Ukiona kasoro, toa taarifa

Wakazi wengi hulalamika bila kujua walalamike wapi. Barabara kuu na za mkoa, ikiwamo ya Tanga hadi Pangani, husimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa husimamiwa na TARURA. Masuala ya kivuko ni ya TEMESA. Asiyejua barabara ni ya nani aanze kwa Mwenyekiti wa Kijiji au Kitongoji, au Ofisi ya Mtendaji wa Kata, ambako taarifa itaelekezwa panapohusika.

Taarifa nzuri hutaja mahali hasa, kwa mfano kati ya shule na kisima fulani, aina ya kasoro, na tangu lini imeonekana. Ukiona kivuko cha watoto wa shule hakina alama, au kalvati limebomoka ukingoni ambako baiskeli hupita, usimwachie jirani aseme. Wakati wa kuyasema hayo ni sasa, ujenzi ungali unaendelea, kwani ni rahisi zaidi kuweka njia ya pembeni wakati barabara inajengwa kuliko kuiomba ikishakamilika.