Kemisti na Mteja wa Transjenda (Sehemu ya Pili): Dawa Zenyewe

Mwanamume mwenye ndevu akiingia kemisti na kuomba P2, tembe ya dharura ya kuzuia mimba, muuzaji humpa bila swali. Hudhani anamnunulia mpenzi wake, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini yumo pia mwanamume aliyeandikishwa kuwa msichana alipozaliwa, ambaye sasa hudungwa sindano za testosteroni, bado ana mji wa mimba na ovari, na tembe hiyo ataimeza mwenyewe kabla ya kulala. Katika sehemu ya kwanza nilieleza kwa nini wengi wa watu wa transjenda hapa Kenya huanzia kemisti badala ya hospitali: hakuna foleni, hakuna faili, hakuna jina linaloitwa kwa sauti ukumbini. Leo tuingie kwenye dawa zenyewe, maana hapo ndipo heshima na usalama hukutana.

Tuanze na huyo bwana. Testosteroni ikishakata hedhi, ni rahisi kuamini kwamba na mimba imekatika. Sivyo. Yai laweza kupevuka ingawa damu haijaonekana kwa miezi mingi, na mimba ikitunga huku testosteroni ikiendelea, dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto, hasa wa kike, angali tumboni. Kwa hiyo anahitaji njia ya kupanga uzazi kama mtu mwingine yeyote anayeweza kushika mimba. P2 ni levonorgestreli ya miligramu 1.5, inafaa imezwe ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Haigongani na testosteroni hata kidogo. Inayogongana na P2 ni rifampisini ya kifua kikuu, au efavirenzi ya VVU kwa wale ambao bado wanaitumia, kwa sababu dawa hizo huchochea ini kuivunja levonorgestreli kabla haijamaliza kazi. Hapo koili ya shaba ndiyo kinga bora, na isipopatikana, miongozo ya Uingereza inashauri dozi maradufu, yaani miligramu 3. Muuzaji aliyetoa P2 bila kuuliza nani ataimeza na anatumia dawa gani nyingine, ameuza boksi tu.

Jambo jingine ambalo halisemwi kwa sababu ya haya: testosteroni hukausha uke, ngozi yake ikawa nyembamba na rahisi kuchanika, na michubuko hiyo ni mlango wa magonjwa ya zinaa. Kilainishi cha maji kinasaidia. Mafuta ya nazi, ambayo kwetu pwani ni tiba ya kila kitu kuanzia nywele hadi mchuzi, huiharibu kondomu ya mpira, na Vaseline pia.

Kwa wanawake wa transjenda hatari iko upande mwingine. Baadhi yao, wakishindwa kumfikia daktari wa homoni, hununua tembe za kupanga uzazi kama Microgynon na kumeza kadhaa kwa siku, wakitumaini estrojeni iliyomo itawapa mwili wanaoutaka. Estrojeni hiyo ni ethinilestradioli, ambayo miongozo ya kimataifa haiipendekezi tena kwa kazi hii, kwa kuwa huongeza sana uwezekano wa damu kuganda mishipani, zaidi kwa mvutaji sigara na kwa aliyepita umri wa miaka 35. Inayopendekezwa ni estradioli, sawa na ile inayotengenezwa na ovari. Tena kuna kejeli ndani ya pakiti: kiambato cha pili cha tembe ile ni levonorgestreli, homoni yenye tabia ndogo ya kiume. Kadiri anavyoongeza tembe, ndivyo anavyoongeza asichokitaka.

Sasa mfamasia afanye nini? Kumfukuza ni kumpeleka duka la pili, ambako hataulizwa lolote. Mimi naona ni bora akae naye dakika tano, amweleze kwamba mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, aende hospitali saa hiyo hiyo, kisha amwandikie jina la kliniki ambako anaweza kupata estradioli na kupimwa damu. Amkumbushe pia kwamba estrojeni hupunguza mbegu za uzazi lakini si kinga ya mimba kwa mwenzi wake.

Wengine wanatumia spironolaktoni, dawa ya moyo na shinikizo la damu ambayo pia huzuia nguvu za homoni ya kiume. Dawa hii huzizuia figo kutoa potasiamu. Septrin nayo, kwa sababu ya trimethoprimu iliyomo, hufanya vivyo hivyo, na Septrin ni dawa ambayo watu wengi wanaoishi na VVU nchini wamemeza kila siku kwa miaka. Zikikutana mwilini mwa mtu mmoja, potasiamu yaweza kupanda hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Hapa mteja aliyeficha spironolaktoni kwa kuogopa kuchekwa anaweza kuuawa na Septrin ya shilingi chache. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kicheko cha muuzaji ni suala la kitabibu.

Kuhusu VVU, PrEP, dawa ya kujikinga na maambukizi, ilizinduliwa Kenya mwaka 2017, na mwaka huo huo vifaa vya kujipima vikaanza kusukumwa hadi kwenye maduka ya dawa. Swali ninaloulizwa zaidi ni kama PrEP huharibu homoni. Haiharibu. Lakini kuna utaratibu wa kumeza kwa tukio: tembe mbili saa 2 hadi 24 kabla ya kujamiiana, moja saa 24 baada ya zile mbili na nyingine baada ya saa 24 tena. Shirika la Afya Duniani limeuruhusu kwa waliozaliwa na maumbile ya kiume wasiotumia estradioli. Anayetumia estradioli ameze kila siku. Na kwa aliyekwisha kuambukizwa na akahofia kwamba dawa za VVU zitaivunja estrojeni yake, dolutegraviri, nguzo ya matibabu yetu ya sasa, haina ugomvi nayo. Asiache moja kwa ajili ya nyingine.

Utaona kwamba maswali yote muhimu ni mawili: una viungo gani, na umemeza nini. Hakuna haja ya kujua ulianza lini kujihisi hivyo au wazazi walisema nini. Yaulizwe pembeni, sauti chini, si mbele ya mama anayesubiri dawa ya minyoo ya mwanawe. Usipojua umwite dada au kaka, sema karibu, inatosha. Jina kwenye cheti cha dawa lisipofanana na sura, kumbuka kesi ya Audrey Mbugua, mwanamke wa transjenda: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya. Hati kutofautiana na mtu si ushahidi wa wizi. Na hayo unayoandika kwenye daftari la mauzo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayahesabu kuwa taarifa nyeti. Daftari lisikae wazi juu ya kaunta.

Wapo wenzangu wanaosema dini yao hairuhusu. Naheshimu dini zao, nami nina yangu. Ila mteja hakuja kuomba fatwa, amekuja na saa zake 72 zinazokwisha, na Ibara ya 43 ya Katiba inayotaja haki ya afya, pamoja na afya ya uzazi, inasema kila mtu.

Wiki ijayo: fomu ya maabara inayodai Me au Ke, na jinsi herufi hizo zinavyobadilisha hesabu ya figo za mtu anayetaka kuanza PrEP.